Maswali na Majibu ya Mwindaji: Kichwa cha Risasi Inayokwenda Polepole Kuliko Sauti

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni msomaji wako wa Chumbageni, Tanga. Kaka yangu anaishi Texas, Marekani, na mwezi wa Novemba nitakwenda kumtembelea. Yeye na jirani zake huwinda nguruwe wanaoharibu mashamba, na risasi wanazipakia wenyewe nyumbani, jambo ambalo kwao linaruhusiwa. Bunduki yake hutumia aina ya risasi iitwayo .300 Blackout, ina kiwambo cha kuzuia sauti, na anataka risasi zinazokwenda polepole kuliko sauti ili kundi lisitawanyike kwa mlio wa kwanza. Amenunua vichwa vya risasi vya greini 220 (greini ni kipimo cha uzito) vya kulengea shabaha, kwa kuwa ni vya bei nafuu na vinapiga pamoja kwenye karatasi. Ameambiwa kwamba vitafaa hata kwa nguruwe kwa sababu ni vizito. Je, ni kweli? Nauliza kwa sababu nami nitapewa nafasi ya kupiga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako avibakize vichwa hivyo kwenye karatasi, asivipeleke kwa mnyama.

Kwanza tuelewane kwa maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinaita risasi vitu vitatu: madini yenyewe, kile kinachoruka, na kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Hapa nitasema kichwa kwa kile kinachoruka, maana ndicho unachokiuliza.

Hewa yenye joto la nyuzi 20 hupitisha sauti kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Ili kusiwe na ule mpasuko wa hewa unaotokea kichwa kikiipita sauti, ambao hakuna kiwambo kinachoweza kuuzuia, wapakiaji hukiendesha kichwa kwa mita 305 hadi 320. Sasa tazama hesabu. Greini 220 ni gramu 14 na kidogo, na kwa mita 310 kwa sekunde zinabeba nguvu ya jouli 685 hivi. Kichwa chepesi cha greini 125, katika bunduki hiyohiyo, kikienda mita 670, kinabeba jouli 1,800. Kwa hiyo uzito ule unaosifiwa haukurudisha hata nusu ya kilichopotea kwenye mwendo.

Hata hivyo, nguvu siyo shida kubwa kuliko zote. Kichwa cha kawaida cha kuwindia, chenye ncha laini ya madini ya risasi ndani ya koti la shaba, kimetengenezwa kifumuke kinapompiga mnyama kwa kasi kubwa, na vingi vya namna hiyo huhitaji zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Ukikirusha kwa mita 310 hakifumuki; kinapita kama msumari, kinaacha tundu jembamba upande huu na tundu jembamba upande ule. Cha kulengea shabaha ni kibaya zaidi, kwa sababu aliyekitengeneza hakukusudia kabisa kifumuke.

Nimeona tundu la namna hiyo. Katika vichaka vya Handeni, zamani nikiwa mfuata nyayo, nguruwe pori alipigwa kichwa kigumu nyuma kidogo ya bega. Tuliona damu kwenye jani moja la mbuyu mchanga, tone dogo kama punje ya mtama, kisha hatukuona tena kitu mpaka jua lilipokuwa linazama. Tulimpata akiwa bado hai. Tangu siku hiyo sipimi risasi kwa ukimya wake, bali kwa muda ambao mnyama atabaki akiteseka.

Kaka yako anunue vichwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mwendo huo. Vipo vya aina mbili ninazoziamini. Ya kwanza ina kiini cha madini ya risasi na koti jembamba lililochanjwa ili lipasuke mapema, kama Hornady Sub-X ya greini 190. Ya pili ni ya shaba tupu iliyochongwa kwa mashine, yenye shimo pana mbele, ambayo hufunguka vipande kama petali za ua. Lehigh Defense hutengeneza ya greini 194 kwa ajili ya.300 Blackout. Ni ghali, nakiri. Lakini mwindaji hatumii vichwa mia kwa siku, na bei ya kichwa kimoja haifikii thamani ya usiku mzima wa kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa.

Asisome tu maandishi ya kwenye boksi. Apange madumu matano ya plastiki yaliyojaa maji, kwa mstari, nyuma yake pawe na kingo nene ya udongo, apige kwa umbali atakaowindia. Kichwa kilichofumuka vizuri atakikuta ndani ya dumu kimetanuka kama uyoga, upana wake umekaribia mara mbili ya ule wa mwanzo. Kikitoboa madumu yote na kutoka vilevile kilivyoingia, basi hata nguruwe kitamfanyia hivyohivyo.

Mtutu nao una neno lake. Mifereji ya ndani ndiyo inayokizungusha kichwa kisiyumbe, na kichwa kirefu kinataka mzunguko wa haraka. .300 Blackout kwa kawaida hukamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 7 au 8, na hiyo inatosha. Bunduki nyingi za .308, risasi nyingine yenye kichwa cha upana uleule, huchukua inchi 10 au 12, na hapo kichwa kizito kinachokwenda polepole kinaweza kuyumba. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha shaba huwa kirefu zaidi kwa uzito uleule. Apige kwanza karatasi bila kiwambo: tundu likiwa la duara, vema, likiwa limelala ubavu, asithubutu kufunga kiwambo, maana kichwa kitakigonga kwa ndani.

Jambo la hatari kuliko yote ni kupunguza baruti kwa kukisia. Baruti ikiwa haba, kichwa hukwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikipigwa nyuma yake mtutu hupasuka usoni pa mpigaji. Afuate kitabu cha mtengeneza baruti, kwa kichwa kilekile kilichotajwa humo. Tena risasi za .300 Blackout zisichanganywe kamwe na za .223, aina nyingine yenye kichwa chembamba zaidi, kwa kuwa baadhi huweza kuingia kwenye bunduki ya .223 na kuipasua.

Umbali nao uwe mfupi. Bunduki iliyolengeshwa kwa mita 50 itapiga chini kwa sentimita 20 hivi kwenye mita 100, na zaidi ya sentimita 60 kwenye mita 150. Mimi ningeishia mita 75.

Kwa upande wa sheria, Texas imeruhusu kuwinda kwa kiwambo tangu 2012, lakini sheria ya shirikisho ya 1934 inataka kiwambo kisajiliwe. Wewe ukiwa na viza ya matembezi, pata leseni ya uwindaji kabla hujaishika bunduki. Ukirudi Tanga, ufundi wa kupakia uuache hukohuko, kwani kutengeneza risasi hapa bila kibali ni kosa la jinai.

SWALI: Mzee, risasi iliyokuwa kimya kiangazi yaweza kupasua hewa wakati wa baridi? Msomaji, Pangani.

JIBU: Yaweza, mwanangu. Mwendo wa sauti hufuata joto la hewa. Kwenye nyuzi 35 ni mita 352 hivi kwa sekunde, na kwenye nyuzi sifuri ni 331. Risasi ya mita 335 itakuwa kimya mchana wa joto, lakini alfajiri ya baridi kali itakuwa imeshauvuka mwendo wa sauti, isipokuwa baruti nayo ikipungua nguvu kwa baridi, jambo ambalo hutokea lakini si la kutegemewa. Ndiyo sababu wenye busara hubaki kwenye mita 315, na hupima kwa kronografu, yaani chombo cha kupima mwendo wa kichwa, katika hali ya hewa ileile watakayowindia.