Hamu ya kujiumiza bado inanijia usiku. Je, sijapona?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22. Tangu nikiwa na miaka 15 nilikuwa najiumiza kwa siri kila nilipolemewa. Sasa ni miezi mitano sijafanya, na mshauri ninayemwona kila baada ya wiki mbili anasema naendelea vizuri. Lakini kuna usiku hamu inanirudia kana kwamba sijawahi kuacha. Nakaa kitandani naitazama droo, maana kile nilichokuwa nakitumia bado kimo humo. Sikukitupa kwa makusudi, nilitaka nijue kwamba naweza kulala nacho chumba kimoja nisikiguse. Dada yangu ninayeishi naye anaamini mambo haya yalikwisha, na naona haya kumwambia. Nifanyeje hamu ikija? Na kuja kwake si dalili kwamba sijapona?*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naona linakutesa kuliko hamu yenyewe. Hapana, si dalili hiyo. Kwa miaka karibu saba ulikuwa na njia moja ya kushusha mzigo. Ilikupa nafuu ya muda mfupi, kisha ikakuachia aibu ya muda mrefu, lakini mwili uliikariri. Leo ukizidiwa, mwili unakumbuka kule kule. Hamu imepiga hodi, basi. Mtu akipiga hodi hajaingia mpaka umwambie karibu, na wewe kwa miezi mitano hujamwambia.

Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na watu wanaojinasua kwenye ulevi, aliifananisha hamu na wimbi: hupanda, hufika kileleni, hushuka. Ukiwa kileleni unaona kama litapanda hivyo hivyo hadi asubuhi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini mara nyingi hata nusu saa haifiki kabla halijaanza kupoa. Kwa hiyo usiku ule usijiapize kwamba hutarudia maisha yako yote, kiapo hicho ni kizito mno kwa saa sita usiku. Tazama saa, jipe dakika kumi na tano. Zikiisha, jipe nyingine.

Dakika hizo usizipitishe kitandani. Inuka, toka chumbani, washa taa. Nawa uso kwa maji ya baridi sana, au uutumbukize kwenye beseni huku umezuia pumzi kwa sekunde chache. Mapigo ya moyo hupungua, mwili umeumbwa hivyo. (Kama una ugonjwa wa moyo au una tatizo la kula, muulize daktari kwanza.) Kisha jiulize hamu imekaa wapi mwilini. Kifuani? Kwenye taya? Viganjani? Iseme kwa sauti, hata kwa kunong'ona: "Taya zimekaza, mikono ina joto." Utajiona mjinga kidogo, na si neno. Anayeieleza hamu ameshasogea hatua moja kando yake.

Utasikia pia wakikushauri ujipe maumivu madogo badala ya makubwa. Mimi siupendi ushauri huo. Unauzoesha mwili lugha ile ile unayotaka uisahau.

Sasa hiyo droo. Hapa, mwanangu, sikubaliani nawe hata kidogo. Umejiwekea mtihani kila usiku, tena saa ambayo umechoka na uko peke yako, na ukiufaulu hakuna anayekupa cheti. Kesho yake unaufanya upya. Kuacha si mashindano ya ujasiri. Hamu ikipanda, kinachokuokoa mara nyingi ni umbali: kutoka kitandani hadi drooni ni kunyoosha mkono tu, lakini kitu kikiwa hakimo nyumbani, hadi ukipate wimbi limeshaanza kushuka. Nadhani unakiweka pia kwa sababu kuachana nacho kunatisha, kama kumuaga mtu aliyekuzoea. Hilo nalielewa. Mwambie mshauri wako hivyo hivyo, bila kulipamba.

Na dada yako. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini najua haya yako haitoki kwa methali. Huna haja ya kumsimulia yote. Chagua wakati wa mchana, mkiwa mnafanya kazi fulani pamoja, msiwe mmekaa mkitazamana, umwambie: "Sijafanya tena, ila hamu huwa inanijia usiku. Ikija, naomba nije nikae na wewe. Usinihoji, usiniombe nikuonyeshe mikono. Kaa nami tu." Mkubaliane neno moja unaloweza kumtumia kwa simu, maana saa hiyo kueleza ni shida. Akilia, mwache alie. Akikasirika, mara nyingi ni woga.

Ukiteleza siku moja, safisha jeraha, litibiwe kama linahitaji, umwambie mshauri wako wiki hiyo hiyo. Miezi mitano haifutiki kwa usiku mmoja. Lakini kama hamu itageuka na kuwa wazo la kutaka kufa, hilo haliwezi kungoja miadi. Mwamshe dada yako usiku huo huo, mwende hospitali iliyo karibu au mpige simu ya dharura ya mnakoishi. Usikae nalo peke yako hadi kupambazuke.

Muulize pia mshauri wako kuhusu tiba iitwayo DBT, iliyoanzishwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, ambayo mtu hufundishwa mbinu za namna hii moja baada ya nyingine. Mwaka 2011 mama huyo, akiwa profesa mwenye jina kubwa, alieleza hadharani kwamba alipokuwa binti wa miaka 17 alilazwa hospitali ya akili, na alikuwa akijiumiza. Tiba aliyoibuni baadaye ndiyo aliyoitamani yeye mwenyewe siku zile.

Droo ifungue kesho mchana, dada yako akiwa amesimama hapo mlangoni. Mkabidhi yeye akakitupe, wewe usiulize amekitupa wapi.