Kabla hujawaambia nyumbani kwamba umegundua sayari

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia inboksi. Kapakua vipimo vya HARPS, kile chombo cha La Silla, Chile, kinachopima mwendo wa nyota, ambavyo mtu yeyote anavipata bure. Kaona mdundo wa siku 17 kwenye nyota ya jirani, yaani inatusogelea na kurudi nyuma kila siku 17 kana kwamba sayari inaizunguka na kuivuta, na anauliza atangaze wapi. Mdogo wangu, usitangaze. Kaa kitako nikusimulie.

Nikiwa kwenye tasnifu ya uzamili niliishi miezi saba na nyota kibete nyekundu moja, yaani nyota ndogo isiyo na joto kama Jua. Jina silitaji, bado linaniuma. Usiku mmoja, saa nane, grafu ikanitolea kilele kimoja kimesimama kama mnazi uwanjani: siku 23. Nyota ilikuwa inatusogelea na kurudi nyuma kwa mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Nikapiga hesabu: sayari yenye uzito wa Dunia tano hivi. Nikampigia mama Tanga. "Huko kuna watu?" akauliza, usingizi bado umemjaa. Asubuhi mtaa mzima una habari.

Msimamizi wangu akajibu kwa maneno mawili: "Kalsiamu umeitazama?"

Sikuitazama. Nyota ina madoa. Ikijizungusha, upande mmoja unakuja kwetu na mwingine unakwenda. Doa likiziba mwanga wa upande unaokuja, chombo kinasoma mwendo ambao haupo. Mistari ya kalsiamu, ile alama ya kalsiamu kwenye mwanga wa nyota ukiupasua rangi zake, huwaka zaidi palipo na usumaku mkali, na madoa hukaa huko huko. Kalsiamu yangu ilipanda na kushuka kila siku 46. Huo ndio mzunguko wa nyota yenyewe, na madoa hupenda kuiga sayari kwenye nusu au theluthi yake. Nusu ya 46 ni ngapi? Shangazi hadi leo huniuliza sayari yangu inaendeleaje.

Wakubwa nao wameumbuka, usidhani ni mimi tu. Sayari ya Alpha Centauri B, nyota jirani yetu, ilitangazwa 2012. Mwaka 2015 ikaonekana ni mdundo wa uongo uliozaliwa na ratiba ya vipimo vyenyewe. Nyota ya Barnard ilipewa sayari ya siku 233 mwaka 2018, na 2021 ikaonekana ni mwangwi wa mzunguko wa nyota yenyewe. Zile za kweli zilikuja baadaye: 2024 ikatangazwa moja ya siku 3 na ushei, haifiki hata nusu ya uzito wa Dunia, na 2025 zikawa nne.

Wenzetu waliopata sayari ya Proxima, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, ndio wa kuigwa. Mwanzoni mwa 2016 walipima karibu kila usiku kwa zaidi ya miezi miwili, huku darubini nyingine zikifuatilia mng'ao wa nyota, ndipo wakasema: sayari, siku 11.2. Nyinyi vijana mna haraka ya kusifiwa. Kalsiamu kwanza! Nimesema, narudia: kalsiamu kwanza, simu kwa mama baadaye.

Sasa nenda katafute nyota yako inajizungusha kwa siku ngapi. Ukikuta 34, au 51, yaani 17 yako mara mbili au mara tatu, funga kompyuta ukale.