Macho makavu na lenzi inayobeba maji

Maswali ya wasomaji kuhusu afya ya macho

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, na huu ni mwaka wa nne macho yangu hayana machozi. Nafanya kazi Posta, ofisini kiyoyozi kinawaka kutwa, na natia matone kila saa. Daktari amenishauri lenzi za sklera. Dada yangu anakataa, anasema lenzi ndizo zinazokausha macho. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Dada yako anasema kweli kuhusu lenzi anazozijua. Lenzi laini za kawaida, zenye upana wa milimita 14 hivi, huelea juu ya machozi. Machozi yakiwa haba, lenzi nayo inakauka na kukwaruza.

Sklera ni weupe wa jicho, na lenzi uliyoshauriwa hukaa hapo. Ni ngumu, inapitisha oksijeni, na upana wake huanzia kama milimita 15 hadi 20 na ushee. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho chenye neva nyingi, haiguswi kabisa. Lenzi inaifunika kama kuba, na chini ya kuba kuna salaini, yaani maji tasa ya chumvi, unayoijaza mwenyewe, kina chake kama robo ya milimita. Konea inashinda majini, kope zinapepesa juu ya lenzi, na upepo wa kiyoyozi haufiki ndani. Wazo hili lina umri mkubwa: mwaka 1887 mafundi wa macho ya bandia wa familia ya Müller, mjini Wiesbaden, Ujerumani, walimtengenezea mgonjwa aliyeharibiwa kope na saratani ganda la kioo ili jicho lisikauke.

Lenzi haiponyi Sjögren wala haiongezi machozi. Ukiivua, ukavu unarudi. Kwa hiyo kwanza soma kichupa chako cha matone. Kama kimeandikwa benzalkoniamu, hiyo ni dawa ya kuhifadhi, na kwa mtu anayetia kila saa inachubua konea badala ya kuituliza. Omba matone yasiyo na dawa hiyo. Muulize daktari pia kuhusu vizibo vya matundu ya machozi, vinavyozuia machozi machache uliyonayo yasitiririkie puani. Kama hayo yameshafanyika na konea bado ina michubuko, lenzi hii inakufaa. Kila jicho hupimwa lake, na utarudi mara kadhaa kurekebishiwa. Mtu akikuuzia bila kukutia jichoni rangi ya njano inayoonyesha michubuko na kukuangalia kwa darubini ya macho, usinunue.

SWALI: Dawa iliniletea Stevens-Johnson, ngozi ikabanduka na macho yakaathirika. Mwezi uliopita nimepewa lenzi za sklera. Jicho la kulia linapata kiputo cha hewa karibu kila siku, na ikifika saa nane mchana naona ukungu. Nakosea wapi? (Mama, Mbagala)

JIBU: Pole sana, mama. Kiputo mara nyingi kinatokana na namna ya kuvaa, na kinatibika kwa mazoezi. Nawa mikono kwa sabuni isiyo na mafuta, ikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Laza kioo mezani. Weka lenzi juu ya kile kipira kikubwa cha kuvalia, ijaze salaini mpaka maji yavimbe juu ya ukingo. Sasa inama mpaka uso uwe sambamba kabisa na meza, kidevu kifuani. Wengi hukosea hapa: wakinyanyua uso kidogo tu, maji yanamwagika na hewa inaingia. Fungua kope zote mbili kwa vidole, tazama katikati ya lenzi, ipandishe hadi uhisi maji, kisha sukuma kidogo bila kusita. Achia kope ya chini kwanza, ya juu baadaye. Jiangalie kiooni kabla hujainuka vizuri. Kiputo kikiwepo, vua ujaze upya, hata kama ni mara ya tatu. Sehemu ya konea iliyo chini ya hewa inakauka. Ukifuata yote haya na kiputo bado kinakaa mahali palepale, kosa ni la umbo la lenzi, mrudishie aliyekupima.

Ukungu wa mchana ni uchafu wa machozi, mafuta na ute, ulioingia kwenye salaini. Vua, suuza kwa salaini, jaza mpya, vaa. Ukilazimika kila siku, mwambie mpimaji: huenda ukingo haujakaa sawa.

Wakati wa kuvua, lowesha kile kipira kidogo cha kuvulia, kinachonata kwenye lenzi, kibandike karibu na ukingo wake wa chini, kamwe si katikati. Ukivuta katikati unavuta jicho zima. Usiku safisha lenzi kwa peroksaidi, dawa ya kuua vijidudu, kwenye kikasha chake maalumu kwa muda ulioandikwa, kwa kawaida saa 6. Kabla ya hapo inaunguza jicho. Usilale nazo. Maumivu, wekundu, kuchukia mwanga au kuona vibaya: vua na uende hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Vichupa vya salaini ni ghali. Naweza kutumia dripu, au maji ya bomba niliyoyachemsha na chumvi? (Kijana, Kariakoo)

JIBU: Hapana, kwa yote mawili. Dripu ikishatobolewa haina kinachozuia vijidudu kuzaliana. Chumvi ya jikoni haijapimwa wala si tasa. Maji ya bomba yanaweza kuwa na amiba aitwaye akanthamoeba, anayevumilia klorini na anayeweza kupofusha. Kichupa kidogo kikishafunguliwa, tumia na tupa kilichobaki.

SWALI: Naendesha bodaboda. Macho yanachoma kama yana mchanga, na asubuhi kope zimegandana. Nami nitafute lenzi hizo? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Bado, ndugu. Dalili zako zinaelekea tezi za mafuta kwenye kope. Kanda kope kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kisha safisha mzizi wa kope. Barabarani teremsha kioo cha helmeti, hasa kaskazi inapovuma na vumbi. Usipopata nafuu kwa mwezi mmoja, nenda kliniki ya macho, kama CCBRT Msasani au Muhimbili, ukaombe kipimo cha karatasi ya machozi: huwekwa kwenye kope dakika 5, na ikilowa chini ya milimita 5 ukavu wako ni mkali.