Klachi ikizama, tafuta kwanza upepo umeingilia wapi

Agosti iliyopita nilikuwa narudi Dodoma kutoka Iringa na Hilux yangu ya zamani. Tulipomaliza kuteremka Nyang'oro, pedali ya klachi ikaanza kulegea. Kufika Mtera nilikuwa naipampu mara tatu ndipo gia iingie, na rivasi ilikuwa inasaga meno. Mjini fundi mmoja alinisikiliza dakika mbili, akasema sahani ya klachi imekwisha, tushushe gia boksi.

Nilikataa kwa sababu ya kule kupampu. Sahani ikiisha, gari huteleza: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Langu halikuteleza hata kidogo. Pedali inayozama kisha ikapata nguvu ukiipampu, mara nyingi ina upepo ndani ya mafuta ya klachi, yale yanayopeleka nguvu ya mguu hadi kwenye klachi. Mafuta hayabanyiki, upepo unabanyika, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia njiani.

Lakini upepo hauingii bila mlango, na hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza hela. Kabla ya kushika spana, papasa juu ya pedali, pale fimbo yake inapoingia kwenye masta silinda, pampu inayosukuma mafuta hayo. Pakiwa na unyevu, masta inavuja. Kisha ingia chini, uvute raba ya vumbi ya slevu silinda, ile inayopokea mafuta na kusukuma klachi, ubavuni mwa gia boksi. Yangu ilimwaga mafuta meusi. Nikabadilisha raba za ndani kwanza; ningetoa upepo tu, ungerudi. (Kama slevu ya gari lako imo ndani ya gia boksi, kuvuja kwake ni kazi ya gereji.)

Kutoa upepo kwenyewe si kugumu, ila kunataka watu wawili wanaosikilizana. Vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu, subiri injini ipoe. Futa kifuniko cha kikopo cha mafuta ya klachi kabla ya kukifungua, maana kwa upepo wetu wa Agosti vumbi la Nkuhungu halikawii kuingia. Jaza mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa mpya. Yanavuta unyevu, chupa iliyokaa wazi iache. Oili ya injini usithubutu, itavimbisha raba zote.

Chomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo iliyo kwenye slevu, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mpwa wangu alikaa kwenye usukani. "Kanyaga! Shikilia!" Nafungua nusu mzunguko, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia!" Akiachia kabla hujafunga, umevuta upepo mwingine ndani. Mara ya kwanza tulikosea hivyo, tukaanza upya, na tangu hapo akawa ananijibu kwa sauti, "Nimeshikilia, mjomba," ndipo naigusa nati. Kila baada ya mara tano tuliongeza mafuta. Kikopo kikikauka, kazi yote imeharibika. Yaliyotoka usiyarudishe, na yakidondokea rangi ya gari mwagia maji mara moja.

Kwenye mara ya ishirini hivi mapovu yaliisha na pedali ikakaza. Sikuondoka siku hiyo. Niliweka alama ya kalamu kwenye kikopo, nikalala. Asubuhi mafuta yalikuwa kwenye alama ileile, raba ya slevu kavu, na rivasi ikaingia kwa kukanyaga mara moja.