Jibu: Upana wa mikondo kwenye FAKTS unatoka mkubwa kupita kiasi

Habari ndugu. Unasema umetafuta upana wa mikondo ya mito ya kale kwenye FAKTS, hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Leeds kuhusu mashapo ya mito, ili uulinganishe na mto Nyando wa Kenya, na namba zimetoka kubwa mno.

Kabla ya kugusa kitu kingine, angalia safu ya aina ya upana. Kuna upana halisi, kuna wa kuonekana tu, na kuna usiokamilika kwa sababu mwamba umekatika. Ukizichanganya, wastani wako hauna maana. Mimi nililielewa hili Ahero, kando ya Nyando, tepu mkononi: ukingo wa mto ulikuwa umekata mkondo wa kale mshazari, nikapima mita 40 za mchanga. Pembe kati ya ukingo na mwelekeo wa maji ya mkondo huo wa kale ilikuwa digrii 30, kwa hiyo upana halisi ni mita 20. Nusu nzima!

Halafu ngazi. Mkondo mzima, sehemu zake, na tabaka zenye alama kama St (mchanga wenye tabaka za mshazari) na Fl (mashapo laini ya tabaka nyembamba) zimewekwa mbalimbali. Ukiziunganisha bila kuchuja, mkondo mmoja unahesabiwa mara nyingi. Tubandikie hapa ile amri yako ya SQL, yaani lugha ya kuulizia hifadhidata, tuipitie pamoja.