Sukari ya asubuhi ni ya ini, sukari ya baada ya chakula ni ya misuli

Kwenu mnaoanza kazi katika kliniki za kisukari hapa Mombasa, muwe wanafunzi wa lishe, wauguzi au matabibu: msimpe mgonjwa ushauri kabla hamjajua sukari yake imepimwa wakati gani. Mama amepima asubuhi kabla ya kula, mashine imesema 9.4 (milimoli kwa lita). Mzee aliye nyuma yake alipima nyumbani muda wa saa mbili baada ya chakula cha mchana, akapata 13. Mara nyingi wote wawili huambiwa maneno yale yale, "punguza wanga, fanya mazoezi," wakaenda zao. Si uongo, lakini hayamfai yeyote kati yao vya kutosha, kwa sababu sukari ya mama imemwagwa na ini lake mwenyewe, na ya mzee imekosa pa kuingia.

Sote tulifundishwa kwamba insulini ni ufunguo unaofungua seli ili sukari iingie. Kwa misuli na tishu za mafuta, mfano huo unafaa. Kwa ini unapotosha. Glukosi, yaani sukari ya damu, huingia na kutoka kwenye ini bila kungoja insulini. Kazi kubwa ya insulini pale ni kulizuia ini lisitengeneze na kumwaga sukari kupita kiasi. Mtu akilala, ini ndilo linalolisha ubongo usiku kucha, na insulini kidogo inayotoka kwenye kongosho hulidhibiti. Ini lililojaa mafuta halitii. Linaendelea kumwaga hadi alfajiri, na ndiyo maana mama anakuapia kwamba hakula kitu usiku na bado sukari iko juu. Mwamini. Nimeona wagonjwa wengi wakikemewa kwa jambo ambalo hawakulifanya, na aliyekemewa bure harudi kliniki, au hurudi na daftari lenye namba za kukufurahisha tu.

Misuli ina habari yake. Baada ya kula, misuli ndiyo inayopaswa kupokea sehemu kubwa ya sukari inayotolewa kwenye damu kwa nguvu ya insulini. Ndani ya kila seli ya msuli mna vibebaji viitwavyo GLUT4, ambavyo insulini ikiwa chini hukaa ndani. Insulini ikishika kipokezi chake juu ya seli, ujumbe hupokezanwa ndani na GLUT4 hupanda hadi kwenye utando wa seli kuingiza glukosi. Kwa mwenye usugu wa insulini ujumbe huo hudhoofika njiani, na mabaki ya mafuta yaliyorundikana ndani ya msuli yanahusika sana. Lakini msuli unapofanya kazi, kule kujikunja kwenyewe kunapandisha GLUT4 kwa njia nyingine, isiyopitia kwa insulini. Mgonjwa ambaye insulini yake haisikiki bado anaweza kuingiza sukari kwa miguu yake. Hilo mwelezeni kila mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, kwa sababu wengi wanadhani tunawatembeza ili wakonde tu.

Tishu za mafuta nitazipitia haraka: insulini huzizuia zisiachie mafuta ovyo. Zikiwa sugu, asidi za mafuta humwagika kwenye damu, zikaenda kuongeza mzigo wa ini na misuli.

Sasa turudi kwa mama wa 9.4. Kumwambia atembee dakika kumi baada ya chakula ni vizuri, lakini dawa ya ini lake ni kupunguza mafuta yaliyomo ndani yake. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2011, timu ya daktari Roy Taylor kule Newcastle, Uingereza, iliwapa watu wachache wenye kisukari aina ya pili chakula cha kalori 600 hivi kwa siku, kwa wiki 8, chini ya uangalizi. Kabla ya kilo nyingi kuondoka, katika wiki ya kwanza tu, mafuta ya ini yalikuwa yameanza kupungua na sukari ya asubuhi imerudi kawaida. Msiige kipimo hicho kliniki. Chukueni funzo lake: ini huitikia mapema nishati inapopungua.

Kwa hiyo mwulizeni mama anakunywa nini. Chai ya maziwa vikombe vitatu, sukari vijiko vitatu kila kikombe, sharubati mchana, soda akipata mgeni. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na fruktosi nyingi hushughulikiwa na ini, ambalo ziada yake hugeuzwa mafuta. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, kabla hamjagusa wali wake. Halafu nazi na samli: tui zito kwenye wali, tui kwenye mbaazi, tui kwenye samaki wa kupaka, siku moja. Chagueni naye chakula kimoja kipikwe bila tui.

Mzee wa 13 anahitaji mpango mwingine. Sahani yake ni wali karibu yote, na kipande cha samaki pembeni. Msimwambie aache wali. Hataacha, na pilau ya harusi itamshinda wiki hiyo hiyo. Mwambieni aanze na kachumbari au mchicha, kisha samaki, wali uje mwisho na upungue. Mpangilio huo wa kula hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Asubuhi, mbaazi ziwe nyingi na hamri liwe moja, kwa kuwa mbaazi zina nyuzi na protini, na wanga wake humeng'enywa polepole. Akishamaliza asilale. Atembee dakika kumi au kumi na tano, hata kama ni kuzunguka mitaa ya Mji wa Kale na kurudi barazani.

Kuhusu mazoezi, wengi hawaambiwi kwamba faida yake kwa insulini ina muda. Baada ya zoezi moja misuli huisikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 48, kisha hurudi ilikokuwa. Anayetembea ufukweni Mama Ngina Jumapili tu, kufikia Jumatano hana kitu. Dakika 150 kwa wiki ziwe, na siku mbili mfululizo zisipite bure. Wakati wa kaskazi watoke baada ya swala ya alfajiri. Na akina mama wasiotaka kutembea barabarani peke yao, wapangeni wawili wawili kwa mtaa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002, mabadiliko ya chakula na mazoezi yalipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58 kwa watu waliokuwa hatarini, dawa ya metformini ikapunguza kwa 31.

Kabla ya kumwandikia mtu mazoezi, tazameni kadi yake ya dawa. Robin Lawrence, daktari wa London aliyekuwa na kisukari mwenyewe, alionyesha mwaka 1926 kwamba mazoezi huongeza nguvu ya insulini iliyochomwa. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari yake inaweza kushuka mno njiani, au usiku akiwa amelala. Apime kabla ya kutoka, abebe kitu cha sukari mfukoni, na asichome pajani kisha akaenda kukimbia, maana insulini itanyonywa haraka. Akitetemeka na kutokwa jasho la baridi, asimame, ale, apime tena baada ya dakika 15. Na kabla hajaanza kutembea, mvueni viatu mtazame nyayo, na mwenye ganzi asitembee na kandambili.