Fundi Anajibu: Beringi za tairi la nyuma hazimalizi mwezi

SWALI: Fundi habari za kazi, mi ni dereva bodaboda hapa Morogoro, pikipiki yangu cc 150, tairi la nyuma linanitesa asee. Naweka beringi mpya haimalizi mwezi tairi linaanza kucheza tena, nikichanganya spidi kuna mlio wa kunguruma. Fundi wa kijiweni anasema beringi za siku hizi zote feki. Nimechoka kulipa ufundi kila mara, nataka nifanye mwenyewe nyumbani ila nina spana, nyundo na bisibisi tu, mashine ya kuvutia sina. Inawezekana? Na kwa nini zinakufa hivi?

JIBU: Ndugu yangu pole sana, na inawezekana kabisa. Feki zipo kweli, ila beringi zikifa mfululizo kwenye tairi lilelile mi siangalii duka kwanza, naangalia ndani ya habu, yaani kile kitovu cha tairi ambamo beringi zinakaa. Kati ya beringi ya kulia na ya kushoto kuna bushi ndefu kama kipande cha bomba, ekseli inapita katikati yake. Kazi yake ni kuzuia ringi za ndani za beringi zote mbili zisisogeleane pale unapokaza nati. Sasa kuna mafundi wakati wa kugonga inadondoka chini hawairudishi, au imelika imekuwa fupi, au wamechongesha nyingine kwa kukadiria. Ukikaza nati ya ekseli zile ringi za ndani zinavutwa kuja katikati, gololi zinabanwa kwa ubavu, hapo hata ununue beringi ya bei gani itakufa tu. Kwa hiyo ukifungua kitu cha kwanza cheki hiyo bushi ipo, haijapinda na ncha zake hazijalika. Kama haipo au imelika nunua ya aina ya pikipiki yako usikubali ya kukatiwa kwenye bomba la maji.

Haya tufungue. Piga stendi kubwa, legeza cheni, toa ekseli, toa tairi, na sahani ya breki itoe pamoja na breki shuu zake. Zile bushi fupi za pembeni zipange chini kwa mpangilio uliozikuta, au piga picha na simu, maana kulia na kushoto mara nyingi hazilingani. Ng'oa sili, ile raba ya duara inayofunika beringi, kwa bisibisi bapa. Kama kuna klipu itoe, usigonge beringi klipu ikiwa ndani utavunja habu.

Hapa kwenye kutoa ndo watu wanakwama. Ingiza nondo ndogo upande mmoja, isukume ile bushi ya kati ikae upande kidogo mpaka uone ukingo wa ringi ya ndani ya beringi ya upande wa pili, gonga hapo. Gonga kidogo, hamia upande wa pili wa duara, gonga tena, zunguka hivohivo itoke ikiwa imenyooka, ukigonga sehemu moja tu italala upande na kukwaruza nyumba yake, yaani tundu la habu inamokaa. Ikigoma chemsha maji, mwagia kwenye habu yanayochemka kabisa. Habu ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, nyumba ya beringi inafunguka kiasi cha unene wa unywele na hicho kinatosha. Vaa miwani jamani, chuma cha beringi ni kigumu na kinaruka vipande. Na beringi uliyoitoa kwa kugonga ringi ya ndani usiirudishe hata kama inazunguka vizuri, nguvu ya nyundo imepita kwenye gololi na ishaacha alama kwenye njia zake.

Kuweka mpya: zilaze kwenye friza usiku ukiwa umezifunga vizuri kwenye nailoni, kama huna muombe jirani anayeuza barafu, asubuhi pasha habu kwa maji ya moto, ifute ikauke, paka oili kidogo kwenye nyumba alafu ingiza haraka. Ya kwanza ipige mpaka ikae chini kabisa, utasikia mlio wa nyundo umebadilika. Geuza tairi, INGIZA BUSHI YA KATI, ndo uweke ya pili, nayo uipige mpaka ringi yake ya ndani iguse bushi, basi, ukiendelea kupiga unazibana mwenyewe. Wakati wa kuweka unagonga ringi ya nje tu, tafuta soketi inayolingana nayo au tumia beringi ya zamani kama kibao. Ukimaliza ingiza kidole uzungushe, iwe laini pande zote mbili, ikiwa nzito kuna mahali umekosea na hutakiwi kufunga hivo.

Usisahau pia beringi ya tatu. Sproketi ya nyuma imekaa kwenye kibebeo chake chenye raba, na pikipiki nyingi kibebeo hicho kina beringi yake peke yake, mafundi wengi wanairuka. Ikifa tairi linacheza hata kama hizo mbili ni mpya. Na cheni iache ilegee sentimita 2 mpaka 3 hivi, ikikazwa kama waya wa umeme inavuta tairi upande mmoja mchana kutwa, na ukiongezea mshikaki au magunia ya mkaa hapo beringi haina pa kupumulia.

SWALI: Kaka fundi, nipo Tanga, nilienda dukani kununua beringi za mbele nikaulizwa namba nikakosa jibu. Namba zinasomwaje, na ya chuma na ya raba ipi nzuri?

JIBU: Dada, namba imechongwa ubavuni mwa beringi yako ya zamani, isugue kwa mafuta ya taa utaiona. Pikipiki ndogo nyingi mbele ni 6301, yaani tundu milimita 12, upana wa nje 37, unene 12. Kuna 6201 nayo ina tundu lilelile 12 ila nje ni 32 na unene 10, kwa hiyo usikubali kuambiwa zinafanana. Mwishoni ukiona 2RS ina raba pande zote mbili, ZZ ni vifuniko vya chuma. Chukua 2RS kwa barabara zetu, ile ya chuma haigusi ringi ya ndani, maji na vumbi vinapita. Grisi ishawekwa kiwandani usiifungue kuongeza. Na ukienda kuosha mwambie kijana asielekeze mashine ya presha kwenye habu, raba haijatengenezwa kuzuia maji ya nguvu ile.

SWALI: Fundi mi beringi inaingia kwa mkono bila kugonga, fundi wangu anataka kupiga tindo ukingo wa habu ili ibane. Nikubali? Dodoma.

JIBU: Hapana mdogo wangu. Zile alama za tindo zinashika beringi sehemu tatu nne tu, zikisagika baada ya muda mfupi ringi ya nje inaanza kuzunguka ndani ya habu na kuila zaidi. Peleka habu kwa fundi mchongaji mwenye mashine ya lezi, aitanue kidogo na kuingiza bushi ya chuma iliyopimwa na beringi yako mkononi, nenda nayo usimpe namba tu. Kama kuta za habu zimebaki nyembamba au zina ufa nunua habu nyingine, na tairi hilo usilipakilie abiria kwa sasa.